Mji kasoro bahari usiwe kasoro fundi

Mjomba alipiga simu alfajiri kusema mashine imelala. Kule Matombo hakuna anayeuliza mashine gani. Ni ile ya kusaga, na ikilala, akina mama wanarudia kinu na mchi au wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili. Sisi Waluguru ukoo wetu huhesabiwa upande wa mama, kwa hiyo mjomba akikutuma huna pa kukimbilia. Mchana shafti ya mashine hiyo ikashuka Morogoro mjini kwa basi, imeviringishwa ndani ya gunia, ikapita Mkuyuni, Kiroka na Bigwa pamoja na mikungu ya ndizi. Niliipokea stendi, nikaibeba begani hadi kwa mzee mmoja anayechonga vyuma upande wa Kihonda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaiua hii?"

Hakungoja jibu. Alifuta grisi kwa kitambaa, akachukua maikromita, akabana pale beringi inapokaa, akasogea kidogo akabana tena. Kisha akamwita kijana wake. "Beringi yake ni 6208. Tundu lake kiasi gani?" Kijana akafikiri. "Nane mara tano, arobaini." Ndivyo namba za beringi nyingi zilivyo: tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu kwa milimita. Shafti yetu ilikuwa imepungua chini ya arobaini kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, na beringi ilikuwa ikiteleza juu yake. Aliyeichonga mara ya mwisho, karakana nyingine kabisa, alikuwa ameitoa haraka.

Mzee akasema chuma hicho hakifai tena kujazwa kwa kuchomelea, tuchonge kipya. Akatoa kipande cha akseli ya lori, akakigusisha kwenye jiwe la kunolea na kuzitazama cheche zinavyopasuka, maana kadiri chuma kilivyo na kaboni nyingi ndivyo cheche zake zinavyochanua. Akaridhika. Akataja bei.

Hapo nikafanya ambalo sote hulifanya. Nikasema, "Mzee, si kipande cha chuma tu?" Nikalia, nikaondoka, nikarudi. Mwishowe akapunguza karibu theluthi. Nilitoka pale nikijiona mshindi, na imenichukua muda kuelewa nilichokuwa nimekipunguza.

Nimeandika makala haya kwa sababu ya wazazi wanaouliza swali moja kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka: mtoto akisomea ufundi wa mashine za kukereza, atakula? Jibu langu ni ndiyo, atakula, lakini chakula chake hakiko mahali tunapomwelekeza akitafute. Tunamwambia asubiri kiwanda kipya. Riziki ya fundi huyu iko kwenye vitu vinavyoharibika, na vinaharibika kila siku kuanzia Mgeta hadi Kilosa. Kinachomkosesha ni sisi wateja, waajiri na serikali, ambao bado hatujajifunza kulipia kipimo.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu wengi wanaoishauri au kuikataza hawajawahi kusimama mbele ya mashine hiyo. Kiswahili kilikuwa na neno lake kabla ya viwanda. Kukereza ni kukizungusha kitu huku ukikichonga kwa ncha kali mpaka kiwe mviringo, na chombo chenyewe ni kerezo. Mafundi wa pwani walikereza miguu ya vitanda kwa namna hiyo. Leo Kihonda utasikia zaidi lethi kwa mashine, chaki kwa mshikio wake, tana na fita kwa mafundi wake, lakini ni kazi ileile, ila mti umekuwa chuma na mkono umekuwa mota. Kipande kinabanwa kwenye chaki, kinazunguka, ncha inasogezwa, chuma kinatoka kama utepe. Bandu bandu huisha gogo. Tatizo ni kwamba hapa gogo likiisha kupita kiasi halirudi.

Chukua shafti ile ya milimita 40. Kwa mkao wa kawaida wa beringi ya namna hiyo, vitabu vya ufundi vinataka shafti iwe 40 na ziada isiyopungua milimita 0.002 wala kuzidi milimita 0.018. Unywele wa binadamu ni mnene mara kadhaa kuliko nafasi hiyo nzima. Ukichonga chini yake, beringi inazunguka peke yake na kuila shafti, kama ilivyotokea kwa mjomba. Ukichonga juu yake, pete ya ndani inatanuka, golori zinabanwa, beringi inapata moto na kuungua kabla ya mavuno kuisha. Mteja haoni tofauti kati ya shafti nzuri na mbaya siku anapozichukua. Ataiona baada ya miezi mitatu, na siku hiyo atalaumu beringi.

Huo ndio ujuzi unaouzwa. Ndani yake kuna hesabu za pembe na za kasi, kusoma michoro, kujua chuma gani kinakatwa kwa mwendo gani, kukata uzi wa nati ukaingia bila kulazimishwa, na kujilinda. Glovu, ambayo kwenye kazi nyingine ni kinga, haivaliwi mbele ya chaki inayozunguka, kwa sababu ikidakwa inavuta na mkono. Mkono wa shati unakunjwa. Ufunguo wa chaki hauachwi mahali pake hata kwa sekunde. Fundi mzuri nimemtambua kwa vidole vyake kumi kabla sijaiona kazi yake.

Sasa turudi kwenye mji. Morogoro tunaisifu kuwa mji kasoro bahari, kwamba milima, maji, matunda na njia kuu vyote tumepewa. Reli ilifika hapa mwaka 1907, wakati wa Wajerumani. Kisha miaka ya 1970 na 1980 taifa likaamua mji huu uwe wa viwanda: viatu, ngozi, turubai, nguo, magunia, mafuta ya kula, vyombo vya udongo. Walioajiriwa enzi hizo bado wanasimulia king'ora cha asubuhi na mabasi ya zamu.

Kiwanda cha viatu kimekuwa mfano unaotajwa hadi kwenye vitabu vya uchumi vya ng'ambo. Kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikakusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikasimama. Sababu zilikuwa nyingi: jengo lisiloendana na joto letu, usimamizi, malighafi, soko. Katikati yake kulikuwa na jambo dogo ambalo kila fundi wa zamani atalitaja kwanza, kwamba mashine ziliharibika na spea zilikuwa mbali. Spea iliyoko ng'ambo inahitaji fedha za kigeni, kibali, meli na miezi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na nyoka wa kiwanda ni kile kipini kidogo kilichokatika Jumatatu asubuhi.

Ajabu ni kwamba dawa ilikuwa ndani ya mkoa huuhuu. Wachina walipojenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kati ya mwaka 1970 na 1975, waliweka karakana kubwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Reli ilipokamilika, karakana ile ikawa kiwanda cha umma cha mitambo na zana chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Kilimanjaro nako kikajengwa kingine kwa msaada wa Bulgaria. Wazo lilikuwa la busara kuliko viwanda vingi vilivyopata sifa zaidi: nchi iwe na mashine zinazozaa mashine, ili kiwanda cha nguo kikivunjika gia isitafutwe Bombay. Kisha ulikuja ubinafsishaji. Mang'ula kikatoka mikononi mwa umma na uzalishaji ukafa. Tulihesabu viwanda vilivyofungwa kwa idadi ya ajira zilizopotea. Hatukuhesabu kwamba kufa kwa kiwanda kama kile kulivifungia vingine mlango wa hospitali.

Kwa hiyo nikisikia mtu akimwambia kijana, "Soma fita, viwanda vinakuja," huwa namkatiza. Viwanda viliwahi kuja. Swali ni nani atavitunza.

Na hapa ndipo habari njema zilipo, maana mahitaji ya kutunza hayajawahi kuondoka. Ndani ya mkoa huu kuna viwanda vikubwa vya sukari, kama Kilombero na Mtibwa. Kinu cha miwa kina rola za chuma zenye meno, na meno hayo huliwa na miwa, mchanga na juisi. Kiwanda kinaposimama wakati wa masika, huanza msimu mwingine wa kazi, wa kufungua, kupima, kujaza, kukereza upya. Pale Morogoro mjini kuna karakana ya vichwa vya treni ya Shirika la Reli, na kuna Shirika la Mzinga la jeshi, lililoanza miaka ya 1970, ambako kipimo ni suala la uhai. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika hapa kutoka Dar es Salaam. Treni hiyo haina moshi wala kelele za zamani, lakini gurudumu lake ni la chuma juu ya chuma, na gurudumu la chuma lazima lirudishwe kwenye kerezo kila linapopoteza umbo. Mbali zaidi, nje ya mkoa, kuna migodi ya Kanda ya Ziwa, ambayo kwa vijana wengi wa fita ndiyo ndoto ya mshahara mnono.

Lakini nafasi nyingi ziko chini ya hapo, kwenye vibanda vya bati. Kila mashine ya kusaga Uluguruni, kila pampu ya umwagiliaji Dakawa, kila trekta la Mvomero, kila lori linalopanda Mgeta kubeba mboga, lina bushi, pini, puli na shafti. Wapo pia wanaojenga mashine nzima. Intermech ya hapa Morogoro imejulikana kwa mashine za kusindika mazao kama mihogo, na ukizunguka viwanja vya Nanenane mwezi Agosti utaona kazi za mafundi wengine ambao majina yao hayajafika gazetini. Mashine ya kuparuza muhogo haihitaji teknolojia ya anga za juu. Inahitaji ngoma iliyo mviringo kweli na shafti isiyoyumba, yaani inahitaji mkerezaji.

Atakayenipinga ana hoja mbili nzito, na sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza ni China. Nati, bolti, beringi na puli vinaingia kwa kontena na bei yake ni ndogo kuliko ya chuma ghafi dukani. Ni kweli, na kijana asidanganywe: hakuna fundi wa Kihonda atakayetajirika kwa kuchonga nati za kawaida. Kitu kinachotengenezwa kwa maelfu kimekwisha kumtoka mkononi. Kilichobaki kwake ni kitu cha pekee. Shafti ya mashine ambayo mtengenezaji wake alifunga kiwanda miaka thelathini iliyopita, gia ya trekta ambayo duka linataka uagize boksi zima, bushi ya kipimo ambacho si cha kawaida kwa sababu tundu limeshaliwa. Hakuna kiwanda cha Guangzhou kitakachopokea oda ya shafti moja ya Matombo na kuituma kesho. Umbali uliotuua enzi za kiwanda cha viatu ndio huohuo unaomlinda fundi wa leo.

Hoja ya pili ni kompyuta. Mashine za CNC zinachonga zenyewe kwa kufuata programu, na kuna wanaosema ufundi wa mkono umekwisha. Ningependa kuziona nyingi zaidi vyuoni mwetu, kwa sababu kijana atakayekwenda mgodini au nje ya nchi atakutana nazo. Hata hivyo mashine hiyo haijui kwamba akseli uliyoibana ni ngumu upande mmoja na laini upande mwingine. Haijui kwamba ncha imeanza kulia. Anayeipangia programu bila kuwahi kukereza kwa mkono atavunja ncha za bei mbaya mpaka ajifunze, kwa gharama ya mwajiri, alichopaswa kujifunza chuoni. Kompyuta inamwongezea thamani anayejua chuma. Asiyejua chuma haimsaidii.

Tatizo la kweli la kazi hii liko mlangoni. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinatoa ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na Morogoro tuna bahati ya kuwa na vyuo Kihonda, kikiwemo kile kinachofundisha walimu wa ufundi wa nchi nzima. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari. Yote ni mema. Lakini kukereza hakujifunzwi kwa kutazama. Wanafunzi wakiwa wengi na mashine chache, kila mmoja anagusa gurudumu la mkono kwa zamu, na cheti kinatoka kabla vidole havijazoea. Kisha anakutana na tangazo la kazi linalotaka uzoefu wa miaka mitatu. Atautoa wapi?

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Hata asiyefua chuma, kukaa karibu na moto kumemfundisha jambo. Uanagenzi wetu wa asili ndio huo, na bado uko hai kwenye vibanda. Yule kijana aliyejibu "arobaini" hajasoma chuo. Ila uanagenzi huo haujulikani rasmi, haulipiwi, na mzee anayemfundisha anapoteza chuma kila kijana anapokosea. Kijana akiiva, anaondoka.

Ndiyo maana napendekeza mambo matatu, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili.

Kwanza, tozo ya kuendeleza ujuzi. Waajiri wanailipa kwa asilimia ya mishahara, nayo ilishushwa mwaka 2023 hadi asilimia 3.5. Kwa utaratibu uliopo, theluthi moja tu ndiyo inayokwenda VETA. Kibanda cha mzee wa Kihonda, kinachofundisha kila siku, hakipati hata senti. Tutenge sehemu ya fedha hizo kwa karakana ndogo zinazopokea wanagenzi: kwa kila kijana aliyekaa mashineni mwaka mzima na kufaulu mtihani wa vitendo, karakana ilipwe. Isilipwe kwa semina wala kwa orodha ya mahudhurio. Ilipwe kwa shafti iliyopimwa.

Pili, urasimishaji wa ujuzi. VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na wapishi, waashi na mafundi magari wengi wameufaidi. Wakerezaji nao wausake, na wapimwe kwa maikromita. Cheti cha namna hiyo ndicho kitakachomfungulia mzee yule mlango wa kuomba kazi za viwanda vikubwa.

Tatu, manunuzi. Viwanda na mashirika yaliyomo mkoani yaweke wazi orodha ya vipuri vinavyoweza kuchongwa hapa, pamoja na michoro na vipimo vyake, na yapokee kwa masharti ya ubora bila huruma. Kipuri kikikosa kipimo kirudishwe. Fundi akirudishiwa kazi mara mbili atanunua maikromita ya pili. Ulinzi wa bidhaa mbovu kwa jina la uzalendo ndio uliotufikisha tulipo.

Na kijana mwenyewe? Kwake nina ushauri usio mtamu. Miaka mitano ya kwanza atapata kidogo kuliko mwenzake wa bodaboda, na atachafuka zaidi. Asikubali kukaa kwenye karakana isiyo na vifaa vya kupimia, hata kama inalipa. Aandike daftari lake: chuma gani, kasi gani, kilitokea nini. Ajifunze kuchora kwa kompyuta jioni. Baada ya hapo njia zake zitakuwa nyingi kuliko za mwenye shahada asiyejua kutengeneza kitu, maana anaweza kuajiriwa kiwandani, kwenda mgodini, kufundisha, au kufungua chake. Mashine nzuri iliyotumika inamzidi mmiliki wake umri, na haipungui thamani kwa sababu simu mpya imetoka.

Shafti ya mjomba ilirudi Matombo kesho yake. Mzee aliivika beringi mbele yangu. Hakupiga nyundo juu ya golori. Aliipasha moto kidogo kwenye mafuta ikatanuka, akaitelezesha ikakaa. Akaizungusha kwa kidole. Haikutoa sauti. Imepita misimu miwili ya mavuno na mjomba hajapiga simu ya alfajiri tena.

Wiki iliyopita nilimpelekea mzee pini ya gari langu. Akataja bei, nikalipa yote. Alinitazama kwa mashaka, kama mtu aliyezoea kuibiwa anavyomtazama anayerudisha chenji. "Leo huliii?" akauliza. Nikamwambia beringi ya Matombo bado inazunguka. Akacheka, akamgeukia kijana wake. "Umesikia? Ipime tena kabla hujampa."